Taa Ikiwaka, Mdomo Unalala

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kuandika kwa sababu kuandika hakupigi kelele. Katika nyumba hii ndiyo kazi pekee ninayoweza kuifanya saa yoyote bila kuambiwa nipunguze.

Asubuhi mume wangu, baba Chiriku, anarudi kutoka lindoni. Analinda ghala usiku kucha, anafika hapa macho mekundu kama aliyekesha akimenya vitunguu, anaanguka kitandani na viatu vyake. Mpaka saa nane mchana mimi na mtoto tunatembea kwa ncha za vidole. Akiamka tu, anaingia dada yake, wifi yangu, na Fundi na begi lake la nyaya, na chumba chetu cha kulala kinageuka studio. Godoro linaegemezwa ukutani, blanketi linafunika dirisha, maiki inakaa juu ya stuli. Kimya kingine kinaanza.

Podikasti yetu ina mwaka sasa. Wifi anasimulia, Fundi anarekodi, mimi nakata. Kikohozi, mate yanayomezwa, jogoo wa jirani, "eeh" zilizozidi, naviondoa kimoja kimoja kwenye kompyuta mpaka hadithi inateleza. Wifi husema nina sikio la mbwa. Nilisoma mpaka kidato cha nne tu, kwa hiyo sifa nikipewa naichukua jinsi ilivyo.

Leo kuna habari. Kamati ya ukumbi wa mtaa imetangaza kongamano la wasimulizi, mwishoni mwa Aprili. Vikundi vitapanda jukwaani na kurekodiwa, na kitakachoipendeza kamati kitapewa chumba cha nyuma cha ukumbi kwa mwaka mzima. Wifi alinishika mabega akasema, "Wifi, tukikipata kile chumba nakurudishia nyumba yako." Nilijifanya naangalia sufuria. Machozi yalikuwa karibu.

Wao wanataka chumba chenye dari. Mimi nataka mtoto wangu aimbe sebuleni mchana kweupe.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi ametutengenezea taa. Kiboksi kidogo chenye balbu nyekundu, amekipigilia msumari juu ya mlango wa chumba, upande wa sebuleni. Swichi anayo yeye. Taa ikiwaka, tunarekodi.

Nilimkalisha Chiriku kwenye mkeka. Ana miaka mitatu. Jina hilo alipewa na baba yake, maana tangu ajue kusema hajafunga mdomo. Anaongea na kijiko, anaongea na mchwa. Nikamwambia, "Taa ikiwaka, mdomo unalala. Taa ikizima, mdomo unaamka." Alicheka mpaka akalala chali, kisha akamfundisha mwanasesere wake, akimtikisia kidole.

Tulirekodi mchana wote. Hakutoa hata chembe ya sauti. Nilijiona mama hodari.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Bati letu halina dari, ikinyesha ni kama mtu anamwaga kokoto kichwani mwako. Hakuna kurekodi. Fundi alifungasha nyaya akaondoka amenuna. Chiriku aliimba mpaka jioni, nyimbo zake zisizo na kichwa wala miguu.

Jumatano, 12 Machi

Nguo hazikauki. Basi.

Jumamosi, 15 Machi

Mwenyekiti wa kamati alitutembelea kuona tunavyofanya kazi. Mama mmoja mnene, mwalimu mstaafu, anaongea kama bado yuko mbele ya darasa. Chiriku alikaa kwenye mkeka kipindi chote, mikono magotini. Mwenyekiti akasema hajawahi kuona mtoto mwenye adabu kama huyu. Wifi akamjibu huyo ni mfanyakazi wetu, mshahara wake biskuti. Sote tulicheka.

Chiriku naye alicheka, ila kwanza aliinua macho kuitazama taa. Alipoona imezimwa ndipo akacheka. Nililiona hilo. Nikajiambia mtoto wangu ana akili.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua haina adabu. Inakata nusu saa, tunakimbilia chumbani, wifi anafika katikati ya hadithi, inaanza tena. Wifi anaichukia mvua kama mke mwenza. Kilichobaki ni hadithi moja, ya kongamano. Ni ya mama yao mzaa chema, marehemu mama mkwe wangu, aliyevuka mto uliofurika na cherehani kichwani na wifi mgongoni. Wifi anataka tuipeleke ukumbini ikiwa imerekodiwa, spika iseme, yeye akae pembeni. Mbele ya umati ulimi wake hugeuka gundi. Ndiyo sababu alianza podikasti, msikilizaji haonekani.

Chiriku ameanza kunong'ona. Hata taa ikiwa imezimwa. Baba yake amefurahi, anasema wiki hii amelala kama jiwe.

Jumanne, 25 Machi

Leo nilikuwa napiga pasi. Taa ndogo ya pasi ikawaka, nyekundu. Chiriku alikuwa ananiambia habari za paka. Akanyamaza katikati ya neno, akasubiri. Ilipozima akaendelea na paka wake.

Nilimweleza wifi. Akasema watoto wote wana vituko, yeye utotoni alikuwa akila chokaa. Nilimweleza baba Chiriku, akanishika mkono, akasema tumalize kwanza hili kongamano. Hilo ndilo neno letu siku hizi. Tumalize. Tukimaliza tutafanya, tukimaliza tutaona.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua kutwa. Chiriku amesimama katikati ya sebule akapiga kelele chini ya bati, maneno matupu, mengi kuliko ya wiki nzima, akizunguka kama pia. Bati likipiga kelele hakuna anayemwambia shh.

Nikakaa na ndoo ya kukingia matone ya bati mapajani. Mtoto wangu anaongea mvua ikinyesha tu.

Nilifikiri niwaambie waache. Kisha nikakifikiria kile chumba cha ukumbini. Zimebaki wiki nne, nikasema. Tumalize.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika ya jana. Nitaandika taratibu.

Mvua ilikata baada ya chakula cha mchana. Fundi alitoka nje akatazama wingu, akasema tunayo saa moja, tukiipoteza tumekwisha. Baba Chiriku alikuwa ameitwa kazini mapema. Nilimwacha mtoto sebuleni na mwanasesere na vipande vya viazi, nikamwonyesha taa, akaitikia kwa kichwa. Mimi nikakaa chini chumbani nimevaa hedifoni, kama kawaida, kusikiliza kinachoingia.

Wifi akafunga mlango. Mlango wetu umevimba kwa mvua, haufungi mpaka uusukume kwa bega. Akausukuma. Ukagoma. Akausukuma tena kwa nguvu, ukashika.

Sijawahi kumsikia akisimulia vile. Maji yalipanda mpaka kiunoni mwa mama yao, yakapanda mpaka kifuani, cherehani ikayumba, na mimi niliyewahi kuisikia hadithi ile mara nyingi nilijishika shingo. Nilisahau kwamba nina nyumba. Alipomaliza, Fundi aliinua dole gumba, akazima taa, wifi akaanza kulia kwa furaha. Nikainuka nikafungua mlango.

Chiriku alikuwa amesimama pale pale, amejibana ukutani upande wa bawaba. Kidole chake cha kati kilikuwa kimeingia kwenye upenyo. Hadithi yote. Mkono wa pili alikuwa ameuziba nao mdomo, kwa nguvu, mpaka mashavu yamekunjamana. Uso, shingo, kifua cha gauni, vyote vimelowa.

Kidole kilipoachiwa hakukitazama. Aliinua macho juu, kwenye taa. Akaona imezimwa. Akatoa mkono mdomoni, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Aliyepiga ukelele ni mimi.

Nilimbeba mbio mpaka zahanati, wifi nyuma yangu na kiatu kimoja. Muuguzi alimsafisha, akasema mfupa mzima, ukucha utang'oka. Akamwinamia, akamuuliza, "Inauma, mwanangu?" Mezani palikuwa na mashine ya kupimia presha, imewasha kitaa chekundu. Chiriku alikitazama, akakaza midomo. Muuguzi akasema huyu ni jasiri, wengine hapa wanabomoa ukuta kwa kulia. Nilitamani kumnyang'anya ile sifa.

Nje kwenye benchi wifi alikuwa amebana mikono katikati ya magoti.

"Mimi ndiye niliyeusukuma," akasema.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," nikamwambia.



Jumanne, 8 Aprili

Hasemi. Si kunong'ona, si kuguna. Anaonyesha kwa mkono.

Leo mvua imenyesha kubwa kuliko zote. Nilimpakata katikati ya sebule nikamwambia sikia bati, piga kelele, mama yako hakatazi. Nikapiga mimi, kama mwehu. Aliniwekea mkono wake wenye bandeji mdomoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Fundi amekuja na kompyuta yake. Aliingia kwa heshima, akauliza hali ya mtoto, akakaa, akazunguka na maneno mpaka akafika alipotaka. Rekodi ya Ijumaa ndiyo bora tuliyowahi kuipata. Kuna kasoro moja tu upande wa mlangoni, kitu kama pumzi. Akasema mimi ndiye ninayeweza kuikata, kwa sikio langu itachukua muda mfupi tu.

Nilivaa hedifoni.

Ipo. Chini ya mto, chini ya sauti ya wifi, kuna mtoto anavuta hewa kwa pua iliyoziba kamasi. Haraka haraka. Wifi anaposema maji yamefika kifuani, kuna kwikwi moja, fupi, imemezwa.

Na sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Ijumaa ile hedifoni zilikuwa masikioni mwangu. Nilisikia. Niliisikia ile kwikwi vizuri kabisa, na nikajiambia: hiyo nitaikata baadaye.

Nilivua nikamwambia Fundi rekodi hii haikatwi wala haichezwi, mahali popote. Akasema bila hiyo hatuna hadithi. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kilichotokea kimeshatokea, na tukipoteza na chumba itakuwa mtoto kaumia bure. Sijui kama alijua anasema nini. Nilifungua mlango nikabaki nimeushika mpaka akatoka.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia wifi rekodi haitumiki. Nilitegemea ugomvi, nilikuwa nimejiandaa, na majibu nilikuwa nayo. Mwaka mzima nimemwona ni mtu wa kujipenda, anayeingia nyumbani kwa mtu na kuuliza chai iko wapi. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. Mwisho akasema, "Basi nitasimama mwenyewe." Alisema kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Jumapili, 13 Aprili

Niliing'oa ile taa nikaitia kwenye ndoo ya taka, Chiriku akitazama. Nilidhani nimemfungulia.

Leo amezunguka nyumba nzima akitafuta ilikohamia. Chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, ndani ya kabati la vyombo. Zamani alijua ni lini imewaka. Sasa hajui, kwa hiyo ananyamaza wakati wote.

Kila ninachokigusa nakiharibu.

Jumatano, 16 Aprili

Baba Chiriku halali tena. Analala macho yamefunguka, anasikiliza. Leo aliniambia, mama Chiriku, mimi mwezi wote ule nilikuwa nashukuru anavyonyamaza. Akageukia ukutani.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua inapungua. Wifi anafanya mazoezi jikoni kwangu, amesimama juu ya stuli, watazamaji wake ni sufuria zangu na mwanasesere. Anafika mtoni ulimi unakwama. Anashuka, anakunywa maji, anapanda tena. Nilimwambia apumzike. Akasema hata sufuria zinamdharau, hasa ile yenye mfuniko uliopinda.

Nilicheka. Nikaona aibu kucheka, nikamtazama mtoto. Alikuwa amekaa mlangoni, anatazama midomo ya shangazi yake.

Alhamisi, 24 Aprili

Usiku nimeota ukucha wa Chiriku.

Jumapili, 27 Aprili

Kongamano lilikuwa jana.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Baba Chiriku aliomba ruhusa kazini, akavaa shati lake la harusi, akampakata mtoto mstari wa mbele. Vikundi vilivyotutangulia vilikuwa vizuri. Vijana wawili wa chuo waliigiza babu zao wakigombania redio, watu wakavunjika mbavu. Mimi nilikuwa chini ya ngazi za jukwaa, nikimshikia wifi chupa ya maji.

Tukaitwa. Wifi akapanda, akasimama mbele ya maiki, na pembeni ya jukwaa fundi mitambo wa ukumbi akawasha taa ya kurekodi. Nyekundu, kubwa kama chungwa. Watu wote wakanyamaza kwa mpigo. Na mtoto wangu, kwenye mapaja ya baba yake, akauinua mkono wake wenye bandeji akauziba nao mdomo.

Nilimwendea fundi mitambo nikamwomba aizime. Akasema haiwezekani, taa na mashine ni swichi moja, ikizima hairekodi, na kamati inahukumu kwa rekodi. Nikamwomba tena. Mwenyekiti akanionyesha saa yake. Watu wakaanza kuguna, huyu dada ana nini. Nilisikia jina la utani la kila mwanamke kichaa wa mtaani likinisubiri. Sikuondoka. Nilisema mimi sitoki hapa.

Wifi alikuwa ananitazama. Kisha nikaona macho yake yanashuka, yanafika mstari wa mbele, yanakaa hapo.

"Zima, kaka," akasema kwenye maiki.

Fundi mitambo akamwambia, "Dada, nikizima hamhesabiwi."

"Najua. Zima. Hiyo taa inamuumiza mtu wetu."

Ikazimwa.

Na wifi akasimulia. Ulimi wake haukuwa gundi. Aliusimulia ule mto polepole kuliko siku zote, na kila maji yalipopanda alikuwa anasimulia kwa mtu mmoja tu, mtu wa miaka mitatu. Wanaume wazima walijifuta macho kwa mikono ya mashati. Nilisimama pale na chupa ya maji nikajua kwamba mtu huyu nimekaa naye mwaka mzima na sikumjua, na kwamba anachokifanya hakikai popote, hakuna mashine inayokishika, kikiisha kimeisha.

Chiriku alishusha mkono. Akauweka magotini.

Ni hilo tu. Nilisubiri neno, nilisubiri mpaka taa za ukumbi zikazimwa na mafagio yakaanza. Halikuja.

Chumba wamepewa wale vijana wa chuo. Mwenyekiti alinishika bega, akasema yetu ilikuwa nzuri kupita zote, lakini kanuni ni kanuni. Fundi alikunja nyaya zake bila kututazama.

Jumatano, 30 Aprili

Fundi amechukua maiki na begi lake. Amepata kikundi kingine. Alimwachia Chiriku biskuti, akasimama kidogo mlangoni, akaondoka.

Wifi amesema kwangu harekodi tena, hata kwa dawa. Kwake panapigwa muziki kutwa kucha. Ina maana podikasti imekufa, ila hakulitamka neno.

Nimerudishiwa nyumba yangu. Godoro liko kitandani, dirisha halina blanketi. Alasiri hakuna tena wa kumnyamazia, na nyumba bado imenyamaza.

Jumamosi, 3 Mei

Jua. Nimefua kila kitu. Hasemi.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi nilimkalisha kwenye beseni sebuleni, jua linaingia. Baba yake alikuwa amelala. Nilimfungua bandeji nikaona ukucha unaning'inia kwa uzi. Nilipomwagia maji ukatoka wenyewe, ukaelea, mweusi, mdogo kama ganda la punje.

Akautazama. Akainua macho juu ya mlango. Pale ilipokuwa taa pamebaki tundu la msumari. Akalitazama lile tundu kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Iliuma," akasema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu mzima aliyeamka sasa hivi. Nilishika ukingo wa beseni.

"Sema tena."

"Iliuma, mama. Mlango. Iliuma sana."

Na ndipo mdomo ukafunguka kikatoka kilio cha siku ile, chote, tangu bega la kwanza la wifi mpaka mwisho wa hadithi. Sijawahi kusikia mtoto analia hivyo. Mkono wangu ulianza kupanda kwenda mdomoni mwake, kwa mazoea tu. Niliuona unapanda, nikaurudisha, nikaukalia.

Baba yake alitoka chumbani mbio, shuka kiunoni, macho mekundu. Alitazama damu iko wapi, hakuiona. Alinitazama. Nilimwambia, "Anasema iliuma." Akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika, akamwambia, "Lia, mwanangu. Lia, nakusikia." Naye Chiriku akapandisha sauti.

Jirani akaja kugonga, mikono ina unga. Akauliza kwema humo, nani kaumia. Nikamwambia Chiriku, kabanwa kidole na mlango.

"Masikini. Sasa hivi?"

"Hapana," nikamwambia. "Mwezi uliopita."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi. Nilisogea pembeni nikauacha mlango wazi, mtaa mzima usikie.